"Halb sieben" si saba na nusu

Mdogo wangu wa Likoni, anayesoma Kijerumani akijiandaa kuja kusomea uuguzi huku, ameniuliza: "Dada, ni kweli ukimkosea bosi wiki ya kwanza anakupandisha ndege?"

Hapandishi mtu. Ila mimi nusura nijipandishe mwenyewe, na wala si kwa lile kosa.

Nilianza mafunzo kwenye nyumba ya wazee, mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Jina langu lilikuwa bado halijaingia kwenye ratiba ya zamu, kwa hiyo msimamizi akanipa saa kwa mdomo: kesho, "halb sieben". Halb ni nusu, sieben ni saba. Nikapiga hesabu: saba na nusu yao, kwetu saa moja u nusu asubuhi. Nikafika saa moja na dakika kumi, sare nimeinyoosha pasi, njia nzima najisifu kwamba nimewahi.

Kumbe Mjerumani akisema hivyo, saba yenyewe haijafika, ndiyo kwanza iko nusu njia. Alitaka nije saa kumi na mbili u nusu. Wauguzi wa usiku walishakabidhi zamu na kwenda zao, na mwenzangu mmoja alikuwa ameosha wazee wangu na wake. Darasani tulifundishwa hilo, sikatai. Lakini kichwa kilichokulia saa ya Kiswahili hutafsiri mara mbili, na nusu ikaanguka njiani.

Msimamizi akaniuliza kama nilimwelewa jana. Nikainamisha macho, nikasema "ja", yaani ndiyo. Akauliza kama najua nimechelewa. "Ja". Akauliza kama nina mpango wa kuchelewa tena. Nilikuwa nishapotea kwenye maneno: "Ja".

Cheka tu. Siku ile hakucheka mtu. Kwetu mkubwa akikugombeza humkazii macho. Kwake yeye, anayetazama sakafu ana jambo anaficha.

Kisha nikaharibu zaidi. Jioni nikamwendea mama mmoja Mkongo, mfanyakazi wa siku nyingi pale, nikamwomba aniombee radhi. Si ndivyo tulivyolelewa, ukimkosea mtu mzima unatanguliza mtu mzima? Akaenda kwa moyo mweupe. Kesho yake nikaitwa ofisini: "Una neno na mimi, mbona unalituma kwa mwingine?" Hilo lilimuudhi kuliko zile dakika 40.

Nikachukua kalamu, nikachora saa nyuma ya bahasha, duara bovu kama chapati ya mwanafunzi. Nikamwonyesha: nyinyi nusu mnaihesabia saa inayokuja, sisi ile iliyokwisha pita. Halafu nikamwambia kwamba sita yao ya asubuhi kwetu ni kumi na mbili. Akaitazama bahasha, akauliza, "Sasa saa moja yenu ni lini?" Jua likishatoka, nikamjibu. Akasema kuanzia leo ataniandikia saa kwa tarakimu, na mimi kila agizo nitamrudishia kwa maneno yangu.

Hilo la kurudia lilinichoma. Mtu mzima mwenye watoto, nasimama kama niko chuoni mbele ya maalim! Niliona dharau, mpaka siku niliporudia kwamba mzee wa chumba cha mwisho apewe maji, naye akanisahihisha: mzee yule hamezi vizuri, maji yake hutiwa kwanza unga wa kuyafanya mazito. Glasi ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Hofu yako lakini si ya bure. Muda wa majaribio wa mafunzo haya ni miezi 6, na ndani yake mkataba unaweza kuvunjwa siku yoyote bila kuelezwa sababu. Kwa hiyo usiseme "ja" kwa usilolielewa, na ukikosea nenda mwenyewe, siku ile ile.

Kwa msimamizi jambo liliisha ndani ya dakika kumi. Yule mama Mkongo ndiye aliyebaki na aibu ya kurudishwa. Jumapili nikamchukulia mandazi, tukanywa chai mpaka magharibi, na habari ya kazini hakuna aliyeigusa.