Kabla hujampa mtu cheti cha mazingira, shuka naye matopeni kwanza

Siku kikundi chetu cha kupanda mikoko hapa Lamu kilipopewa cheti, mimi ndo niliyekishika. Mwenyekiti kulia, mgeni rasmi katikati, mimi katibu kushoto, picha ikapigwa, na hiyo picha ipo kwenye simu yangu mpaka leo na siwezi kuiangalia muda mrefu. Kwa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, anaonekana bi mkubwa mmoja amejifunga leso kiunoni, na huyo ndo aliyekuwa akishuka matopeni kila bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, kuangalia miche yetu ya mikoko, miaka mitatu mfululizo, mgonjwa mzima, Ramadhani isiyo Ramadhani. Jina lake halikutajwa. Hatukufanya kwa ubaya wallahi, shirika lililokuja lilileta fomu, fomu ina nafasi mbili za majina, tukajaza majina ya viongozi wawili tukaona tumemaliza.

Baada ya miezi michache kina mama wakaanza kupungua kwenye kitalu. Hakuna aliyegomba, leo huyu ana harusi, kesho yule ana mgeni kutoka Faza, keshokutwa mwingine mguu unamuuma, na nyinyi mnaowajua watu wa Amu, yaani mji wa Lamu, mnajua kunyamaza kwa namna hiyo kuna maana gani. Kitalu kikabaki na watu wanne. Kazi iliyoanza kwa moyo mmoja ilikuwa karibu kufa, na iliyotaka kuiua ni ile tuzo yenyewe.

Naandika haya kwa sababu wiki hii nimeulizwa na kikundi kimoja cha Malindi, wanataka kuwatuza watu waliofanya kazi kubwa ya kulinda bahari na misitu kwao, wanauliza waanzie wapi. Nimewaambia nitawaandikia, na nikaona bora niandike mahali ambapo wengine pia watasoma.

Anza na nini unahesabu. Hapa Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwahiyo kila anayetaka kupanda miti anakuja huku, na tuzo nyingi ukiangalia zinatolewa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Sasa mbegu ya mkoko ni kitu rahisi sana, ndefu kama bamia kubwa, unaichomeka topeni imekaa, watu thelathini asubuhi moja wanaweza kuchomeka maelfu na picha zikatoka nzuri. Lakini ukipanda chini sana maji yanaikalia muda mrefu inakufa, ukipanda kwenye mchanga unaohama inang'oka, kaa wanakata, mbuzi wanakula, alafu kila aina ya mkoko ina mahali pake, mlilana unataka upande wa bahari kabisa, mchu unavumilia ile ardhi ya chumvi kali huko nyuma, mkandaa nao una kwao. Kujua hayo ni elimu, na aliye nayo mara nyingi hana hata cheti cha darasa la nane. Swali la kuuliza ni mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, na nani alikuwa anarudi kuiangalia wakati hakuna kamera wala posho ya chakula. Mkiuliza hivo majina yanabadilika kabisa. Kwetu sisi yalibadilika.

Tulilijua hili baada ya kwenda kwa yule bi mkubwa kumuomba radhi. Tulikwenda watatu, na halwa na marashi, tukakaa kwenye jamvi, tukasema tumekukosea mama. Akatusikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Mimi karatasi ya nini, mwanangu? Nalitaka muye muione." Yaani alitaka tu twende tuione mikoko. Kumbe katika miaka yote ile hakuna kiongozi hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyefika mpaka mwisho wa lile eneo tangu siku ya kupanda.

Basi bamvua iliyofuata tukaenda. Tope mpaka magotini, yeye mbele, sisi nyuma tunahema, na kila tukifika mahali anasimama anashika mti anasema huu wa fulani, aliupanda na mimba, mtoto sasa yuko madrasa. Hapa paliliwa na mbuzi mara mbili, fulani akaleta matawi ya miiba akazungushia, hakumwambia mtu. Pale maji yalikuwa hayapiti, kijana fulani akachimba kamfereji kwa jembe la babake. Mimi nilikuwa na daftari nikawa naandika, na kufika jioni nilikuwa na majina kumi na tisa, na zaidi ya nusu yake sikuwahi kuyaandika kwenye ripoti yoyote. Hiyo ndo kamati ya tuzo ninayoiamini mpaka leo. Acheni kukaa ukumbini na fomu, tembeeni na mtu anayeijua kazi kwenye kazi yenyewe, majina yatatoka yenyewe kwa sababu kila mti na kila shimo lina mtu wake.

Kuna kundi lingine linalosahaulika nalo ni la watu walioacha. Tumezoea kumsifu aliyepanda, aliyesafisha ufuo, aliyeokoa kasa. Na aliyeacha kukata je? Kwetu mikoko ni nyumba, boriti ndo zimebeba dari za mji mzima wa Amu na vyumba vyetu vile vyembamba upana wake umetokana na urefu wa boriti, na kuna familia zilizoishi kwa kukata fito na pau na mazio, yaani nguzo za mikoko za unene mbalimbali, vizazi na vizazi. Kupeleka miti hiyo nje ya nchi kulipigwa marufuku 1982, alafu Februari 2018 ikaja ile amri ya serikali ya kusimamisha ukataji misitu, watu wakakaa nyumbani na watoto wanataka kula. Kuna mkataji mmoja wa kijijini kwetu ambaye katika hali hiyo hiyo alikataa kuingia usiku kukata kwa kificho, na wenzake wanajua alikataa. Kuna mvuvi aliyekuwa na juya la kukokota, ni haramu kisheria lakini ndo lililokuwa likimlisha, akalitoa mwenyewe majini akaanza upya na mishipi. Mtu kama huyo amelipa kutoka mfukoni mwake, na hana mti wa kukuonyesha wala picha ya kuweka WhatsApp, sababu alichofanya ni kutofanya. Mimi naona huyo anastahili kukaa mbele ya wote. Ila muulizeni kwanza kama anataka kutajwa, maana kumtaja kwa sifa ni kutaja pia alichokuwa akifanya jana, na wengine wanaona haya mbele ya watoto wao.

Na kina mama wa pweza. Visiwani huku vipo vijiji vinavyofunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa, hakuna kushika pweza, alafu siku ya kufungua wote wanashuka pamoja. Inafanya kazi kwa sababu pweza anakua haraka mno, umri wake wote ni kama mwaka na kitu, ukimpa miezi michache tu unamkuta mkubwa. Siku ya kufungua wageni wanakuja, mizani inaletwa, wanaosifiwa ni wenye mashua na wanunuzi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi. Lakini ile miezi ya kufungwa ni nani alikosa kitoweo? Ni yule mama anayetembea mwambani kwa miguu maji yakipwa, asiye na mashua ya kwenda mbali kutafuta kwengine. Ukitaka majina ya hawa usiulize kwenye baraza la wanaume, hawatakudanganya ila hawajui. Kaeni na kina mama peke yao, na aulize mwanamke mwenzao.

Sasa cha kuwapa. Hapa nina msimamo mkali kidogo mtanisamehe. Cheti cha Kiingereza chenye nembo sita anapewa mtu asiyesoma Kiingereza, anakiweka chini ya godoro, mende wanakula. Sisi tuna mila zetu za kumheshimu mtu na watu wanazielewa bila kufasiriwa. Mwaka wa pili tulichapisha leso, maandishi tuliyachagua wenyewe, MTI WANGU NDIO SHAHIDI WANGU, na leso ile haikuuzwa, ukimuona mtu ameivaa harusini unajua huyu ameshuka matopeni. Wanaume tuliwapa kofia za kushona kwa mkono. Na kijana wetu mmoja anayetunga aliandika utenzi mfupi, kila mtu akapata beti lake lenye jina lake na kazi yake hasa aliyoifanya, mbuzi, mfereji, miiba, vyote vikaimbwa mbele ya watoto wa madrasa, alafu dua, alafu kahawa. Niliwaona watu wazima wanalia. Beti linakaa kichwani, watoto bado wanaliimba wakienda kisimani.

Pesa ikiwepo, gawanyeni mapema na kwa maandishi, kiasi gani ni cha kikundi na kiasi gani ni cha mtu, kabla haijaingia. Ya kikundi iende akaunti yenye sahihi tatu, isipitie M-Pesa ya mtu mmoja hata awe mcha Mungu vipi, mnamtia majaribuni bure na mnawatia wenzake shaka.

Na zile tuzo kubwa za dunia msiziogope lakini zijueni tofauti zake. Goldman, tuzo ya mazingira, inampa mtu mmoja mmoja, Wangari Maathai aliipata 1991, miaka mingi kabla ya ile Nobel ya 2004, na Phyllis Omido wa Mombasa akaipata 2015 kwa kupigania watu wa mtaa wa Owino Uhuru walioathirika na sumu ya madini ya risasi. Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyoanza 2002 yenyewe inapewa kikundi, na wenzetu wa Gazi kule Kwale, Mikoko Pamoja, waliipata 2017. Wao wanauza hewa ukaa ya mikoko yao, yaani wanalipwa kwa ile hewa ukaa mikoko inayoifyonza na kuihifadhi, na pesa imeingia kwenye maji na shule za kijiji, yaani hata ambaye hajapanda mche mmoja anakunywa matunda ya ile kazi. Kwa kazi zetu za kijiji naona ya kikundi inatufaa zaidi, haimtoi mtu mmoja juu ya wenzake.

Ila hakuna tuzo kubwa bila daftari. Andikeni tarehe, nani alikuja, nini kilikufa na kwa nini, pimeni kilo za pweza siku ya kufungua kila mara kwa mizani ile ile, pigeni picha mahali pale pale mkisimama pale pale kila mwaka. Na yaliyokufa yaandikeni pia, msione haya. Mimi daftari letu la mwaka wa kwanza lilikuwa na idadi ya miche tu, na nilipotafuta ushahidi wa kazi ya yule mama sikupata hata mstari mmoja, ikabidi nitegemee kumbukumbu yake mwenyewe.

Kina mama walirudi, sio wote. Wawili hawakurudi kabisa na nimeacha kuwauliza, wana haki yao. Orodha ya mwaka huu bado haijafungwa, bamvua ijayo tunashuka tena, maji yanakupwa sana kabla ya adhuhuri kwahiyo tutatoka asubuhi na mapema. Bi mkubwa magoti hayamruhusu tena kutembea kwenye tope, tunampakia mashuani, anakaa mbele kwenye omo na leso yake, anatuonyesha kwa kidole, na binti aliyezaliwa mwaka wa kitalu ndo sasa anayeshika daftari.