Maswali na majibu: vigae, vioo na lami iliyolowa

Shikamoo mwalimu. Natoa picha za nyumba kwenye SketchUp (programu ya kuchora majengo ya 3D), namalizia Photoshop (programu ya kuhariri picha). Nikitaka vigae viakisi, nanakili picha, naipindua juu chini na kuififisha. Mbona viti vinaelea?

Marahaba. Umepindua picha nzima kwenye mstari mmoja, wakati kila kitu huakisiwa kuanzia pale kinapogusa sakafu. Kiti kimoja kina miguu minne, na kila mguu una pake. Ukikata kimoja kimoja, bado kuna tatizo la pili: sakafu inaona usichokiona wewe. Kwenye uakisi wa meza huonekana uvungu, si juu yake.

Kwa kuwa modeli ya SketchUp (nyumba yenyewe ya 3D) unayo, itumie. Tuseme kamera iko mita 1.6 juu ya sakafu na inatazama mbele bila kuinama. Toa picha ya kawaida. Kisha ficha sakafu na vyote vilivyo chini yake, shusha kamera wima hadi mita 1.6 chini ya usawa wa sakafu, utoe picha ya pili ya ukubwa uleule. Ipindue juu chini, itakaa sawasawa na ya kwanza. Izuie kwa maski (kifuniko kinachoficha sehemu za picha) ibaki sakafuni tu, itie ukungu kidogo, na uifute kwenye mistari ya grauti (saruji ya kati ya vigae), maana grauti haing'ai.

Madirisha ya ghorofa langu yanafanana na karatasi ya bluu. Niweke uakisi wa asilimia ngapi?

Hakuna asilimia moja ya kukupa. Kioo cha kawaida kikitazamwa uso kwa uso hurudisha kama asilimia 8 ya mwanga, yaani 4 kwa kila upande. Kadiri unavyokitazama kwa ubavu kiwango hupanda, na ukizidi nyuzi 60 hivi kutoka uso kwa uso hupanda kwa kasi. Ndiyo maana ukisimama chini ya jengo refu, madirisha ya chini unaona ndani, ya juu unaona mawingu. Fuata hilo kwenye maski: uakisi hafifu chini, mzito juu.

Modi ya kuchanganya picha za Photoshop iwe Screen, kwa sababu uakisi ni mwanga unaoongezeka juu ya ule utokao ndani. Mchana vyumba vina giza, hivyo hata hiyo asilimia 8 hushinda. Usiku taa zikiwaka ndani, futa karibu wote.

Picha ya kuakisiwa hutoka nyuma ya kamera. Jengo likiwa Samora Avenue, simama mbele ya kiwanja, geuka, piga picha ya upande wa pili na nyaya zake zote, kisha igeuze kushoto kulia ili mabango yasomeke kinyume. Nimechoka kuona majengo ya Dar yakiakisi miti ya Ulaya iliyopukutika majani! Mwisho, igawe kwa kila kipande cha kioo na usogeze kila kimoja kidogo tu. Hakuna fundi anayefunga vioo vyote vikalingana kabisa.

Na barabara baada ya mvua?

Utie uakisi Motion Blur (ukungu wa Photoshop unaovuta picha upande mmoja) ya nyuzi 90, taa zivutike wima. Kwenye madimbwi acha taswira kali.

Mteja anataka kila kitu king'ae, hata ukuta wa plasta.

Rangi isiyong'aa hutawanya mwanga kila upande, haishiki taswira. Akishikilia, muulize kama bajeti yake ina marumaru za ukutani, kwa sababu picha hiyohiyo ndiyo atakayomwonyesha fundi siku ya kudai.