Nilimnunia dada yangu wa jumuiya miezi 14

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kuna dada amehamia huku kwetu Bagamoyo kikazi, ameniandikia. Nafupisha: anasali, anatoa zaka, ila mtaani majirani zake karibu wote ni Waislamu, na jumuiya ndogo ya Kikristo aliyopangiwa, ya kusali nyumba kwa nyumba, anaona kazi yao ni kusengenyana tu. Anauliza, imani yake ataiishi na nani? Nilitaka kumjibu mistari miwili nikashindwa, maana hao wasengenyaji anaowasema, mimi nilikuwa mmoja wao. Na nilikuwa kiongozi wao, kama sitaki kudanganya.

Mimi nakaanga samaki, soko la pale ufukweni. Kikaango changu kina jina, wanaonijua wanajua. Kwenye jumuiya ni katibu, daftari la michango ninalo mimi. Sasa mwenzangu mmoja wa jumuiya, mpika vitumbua, alikopa shilingi 400,000 kwenye kikundi chetu cha vikoba na mimi nikamdhamini. Akarejesha 120,000, mumewe akakosa kazi, marejesho yakakata. Desemba 2024 tulipovunja kikundi, 280,000 ikatolewa kwenye hisa zangu. Ilikuwa pesa ya friza ile. Mpaka leo nahifadhi samaki kwa barafu ya kununua.

Sikumgombeza. Bora ningemgombeza yakaisha. Nilichofanya, kwake nikanyamaza, kwingine kote nikasema. Mnadani tukisubiri mashua, nasema. Kwa wateja wake, nasema. Na nilikuwa na namna yangu tamu ya kusema: "Jamani tumwombee mwenzetu, madeni yamemzidi." Wanajumuiya mnaijua sala hiyo, msinitazame hivyo.

Jumuiya yetu tunakutana Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwake, mimi nina tenga la vibua linaningoja. Kila mara.

Ngoja niwape la aibu zaidi. Mwaka jana mwezi wa nane walikuja wageni wa hija kutoka Dodoma, nikajitolea kuwatembeza misheni. Mimi hapo ndipo nyumbani! Nikawaeleza mapadre wa Roho Mtakatifu walivyofika 1868, walivyowanunua watumwa ili wawaache huru, wakawajengea kijiji. Nikawaonyesha mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa mmisionari Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu miezi na miezi kutoka bara. Nikawaambia Bagamoyo ndiyo mlango wa imani, na tangu 2025 ni jimbo kamili. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi.

Tukiwa kwenye ile njia ya miembe, mwenzangu huyo anakuja na ndoo yake ya vitumbua kichwani. Akawaambia wageni, "Karibuni Bagamoyo." Akanigeukia: "Za kazi, mama?" Mimi nikageuka kuwaonyesha wageni shina la mwembe. Yule mama wa machozi akaniuliza, "Hamjuani?" Nikajibu, "Ni wa huku huku."

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Kwa biashara yangu mchana hakuna kitu, samaki wanatoka jioni kwa futari, na Ijumaa Wakatoliki wananisaidia kidogo. Mtaani kwetu Magomeni (ya Bagamoyo, si ya Dar) kuna bibi wa jirani ambaye kila Ramadhani hunipitishia bakuli la futari. Safari hii lilikuwa la mihogo ya nazi, na kalileta mwenyewe. Akakaa barazani.

"Mwanangu, na yule mwenzio wa vitumbua mna nini? Mbona mwapishana kama hamwonani?"

Nikamweleza deni lote, shilingi kwa shilingi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukuuliza deni. Sisi Mtume katukataza kununiana kuzidi siku tatu. Nyinyi kwenu mwaruhusiwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga hesabu baadaye, nikiwa peke yangu: miezi 14.

Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, Injili ni Mathayo 5:20-26. Aya ile ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu naijua kwa moyo, nimeisomea jumuiya mara ngapi. Lakini siku zote niliisoma kama mdai. Siku hiyo ndiyo nikasikia ilivyoandikwa: ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Si mimi mwenye neno juu yake. Na yeye neno alikuwa nalo.

Jioni nikaenda. Nikamkuta anaroweka mchele.

"Umefuata hela? Sina."

"Nimefuata maneno yangu niliyomwaga sokoni."

Msitegemee kukumbatiana. Alianza kunihesabia: nani alimwambia nini, lini. Mwalimu mmoja aliyekuwa akichukua vitumbua 60 kila asubuhi aliacha, akasema hawezi kufanya biashara na mtu wa madeni. Madeni hayo kayasikia wapi? Nilisimama mlangoni pale na viatu mkononi nikisikiliza. Alipomaliza akasema, "Nimesikia," akaendelea na mchele wake. Ndiyo basi.

Kesho yake nilianza kupita kwa wale niliowaambia, mmoja mmoja, kusema nilikosea kumtangaza. Hilo lilikuwa gumu kuliko kwenda kwake. Yule mwalimu alicheka tu.

Na pesa? Ameleta 20,000. Nimesamehe, na hela yangu bado naitaka. Anayeona mambo hayo mawili hayakai pamoja, hajawahi kumdhamini mtu.

Sasa dada yangu uliyeniandikia. Nenda jumuiya. Usingoje waache kusengenyana ndipo uende. Nenda hivyo hivyo, ukae, usichangie hilo neno. Ukiwa na neno na mtu, nenda kwake. Ukisikia yeye ndiye ana neno na wewe, nenda mapema zaidi. Jirani Mwislamu akifiwa, nenda na khanga yako, kaa na wanawake wenzako, osha vyombo. Na ninyi mnaotuma aya kwenye makundi ya simu kila alfajiri kabla hata hamjamwamkia mama wa mlango wa pili, aya hizo mnamtumia nani? Kristo hakusema mtajulikana kwa sare za kwaya. Alisema mkiwa na upendo ninyi kwa ninyi. Nasema kwa ukali kwa sababu sare ninazo tatu.

Jumamosi hii jumuiya ni kwake, saa kumi na mbili kamili. Nimemtumia ujumbe kwamba nitakuja na mkeka, kajibu "sawa". Bakuli la bibi bado liko kwangu na haliwezi kurudi tupu. Leo nimebahatika changu wawili wazuri, ngoja niwatie kikaangoni kabla adhana ya magharibi haijaniwahi.