Yule kijana kwenye tangazo la shule ya urubani ni mimi

Juzi usiku binti mmoja alinitumia picha ya tangazo, chini yake akaandika: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Hawa wa Florida wanasema ndani ya miezi tisa natoka rubani wa biashara, na ajira ipo. Wanataka amana ya dola 5,000 kabla ya Ijumaa. Nitume?"

Nikaikuza picha. Kijana kavaa shati jeupe, mistari mitatu begani, miwani ya jua, kiganja kakiweka kwenye ubavu wa jeti inayong'aa. Anatabasamu kama mtu aliyemaliza madeni yake yote. Niliitazama kwa muda mrefu, maana yule kijana ni mimi.

Ngoja niwaambie ilivyopigwa. Ilikuwa wiki yangu ya pili kwenye shule hiyohiyo ya Florida. Nilikuwa na saa nne za kuruka, zote mwalimu yuko pembeni, na katika moja ya hizo nilitapika. Shati lilikuwa la mwalimu, pamoja na mistari yake. Jeti ilikuwa ya tajiri mmoja aliyetua kujaza mafuta, na mpiga picha alituhimiza tufanye haraka kabla mwenyewe hajatoka msalani. Shule yenyewe ilikuwa na Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne, na nyingine zilikuwa na umri kunishinda mimi. Picha niliituma nyumbani, mama akaitia kwenye fremu. Sikumwambia habari ya kutapika. Leo nimeikuta imekuwa chambo.

Basi mdogo wangu, na wengine mnaoota kurusha ndege kama nilivyoota, kaeni niwasimulie.

Bei niliyotangaziwa mimi ilikuwa dola 62,000, kuanzia sifuri hadi leseni ya biashara. Niliiamini kwa sababu ilikuwa na mchanganuo mzuri, kila kozi na saa zake. Kilichonipita ni kwamba zile saa zilikuwa kima cha chini cha sheria. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inasema leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 35 kwenye shule iliyoidhinishwa chini ya Sehemu ya 141 ya kanuni zake, au 40 kwa anayesoma chini ya Sehemu ya 61. Sheria haisemi kwamba ukifika 35 umeiva. Inasema kabla ya hapo usithubutu kuomba mtihani. Wanafunzi wengi huvuka 60. Mimi nilifanya mtihani nikiwa na 71.

Saa 36 za ziada, kwa dola 190 za ndege na 70 za mwalimu, ni dola 9,360. Na hiyo ni leseni ya kwanza tu, yaani mlango wa kuingilia. Wakati huo nilidhani mimi ndiye mzito wa kichwa. Nililala nikijilaumu, nikawa nakwepa simu za baba. Nilikuja kujua baadaye kwamba darasa zima lilikuwa hivyo, kila mmoja na aibu yake chumbani kwake, na shule ikinyamaza, kwa sababu aibu ya mwanafunzi haidai risiti.

Saa ziliishia wapi? Kwanza kwa waalimu. Marekani, tangu 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya ndege ya abiria ya 2009 karibu na mji wa Buffalo, New York. Kwa hiyo mwalimu wako ni kijana anayefundisha ili akusanye hizo saa. Akizifikisha, anaaga Jumatatu na Jumanne hayupo. Nilibadilishiwa waalimu watatu ndani ya miezi mitano. Kila mpya anasema, "Hebu nione unatuaje," na kumwonyesha unatuaje ni pesa yako. Pili ni hali ya hewa. Tangazo lilisema jua mwaka mzima. Jua lipo, sikatai, lakini wakati wa kiangazi Florida hufunga kwa ngurumo karibu kila alasiri, na ratiba yangu ilikuwa ya alasiri, kwa sababu asubuhi zilishachukuliwa na waliotangulia. Tatu ni ile mita ya ndege inayohesabu tangu injini inapowaka. Ukipanga foleni kusubiri njia ya kurukia, unalipa ukiwa chini ukiangalia nyasi.

Halafu mtihani. Mtahini si mwajiriwa wa shule, ni mtu binafsi aliyeteuliwa na FAA, na ana ada yake. Mimi nililipa dola 900, ambazo kwenye mchanganuo hazikuwemo. Nilimsubiri wiki sita. Katika wiki hizo huwezi kukaa tu, mikono inasahau, kwa hiyo unaruka ili usisahau. Unalipa kusubiri.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. Ambalo sijalisamehe ni neno "ajira".

Afisa wa usajili, dada mwenye sauti ya upole kama muuguzi, aliniambia nikimaliza nitabaki pale kama mwalimu, nitalipwa, nitakusanya saa zangu 1,500, kisha mashirika yatanigombania. Nilikuwa na visa ya M-1, ya wanafunzi wa mafunzo ya ufundi, ambayo wageni wengi wa shule za urubani huiomba kwa fomu ya I-20, ile ambayo shule hukupa kuthibitisha kwamba imekupokea. Mwenye M-1 haruhusiwi kufanya kazi wakati wa masomo. Akimaliza, anaweza kuomba kibali cha mafunzo kwa vitendo: mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, na mwisho kabisa ni miezi sita. Piga hesabu. Umesoma mwaka mzima, unapata miezi mitatu. Mwalimu akiruka saa 80 kwa mwezi amejituma kwelikweli, na hizo ni saa 240. Na M-1 haibadilishwi kuwa visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa vyuo vya kawaida, ukiwa ndani ya Marekani. Yule dada alijua. Mtu anayejaza I-20 kila siku hawezi kutojua. Nilipomuuliza alisema yeye alizungumzia "nafasi" tu, hakuahidi.

Nilihama shule katika mwezi wangu wa tano pale. Nilibahatika, maana mwenye M-1 akishapita miezi sita hahamishwi shule ila kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kurudishiwa salio ilikuwa vita. Mkataba, ukurasa wa kumi na kitu, ulisema anayeondoka saa zake zote hupigwa upya kwa bei isiyo na punguzo, kisha inakatwa ada ya uendeshaji. Nilikuwa nimetanguliza dola 30,000. Kilichorudi sitakiandika hapa, baba husoma.

Na mimi nilipata afadhali. Februari 2008 kampuni ya Silver State Helicopters, iliyokuwa na shule za helikopta sehemu nyingi za Marekani, ilifilisika na kufunga milango ghafla. Wanafunzi zaidi ya 2,500 waliachwa nje, wengi wao na mikopo ya karibu dola 70,000 kwa kozi wasizomaliza. Nilikisoma kisa hicho nikiwa tayari nimeshalipa. Ningekisoma mapema! Kutafuta habari za shule tulikuwa tunaweza, ila tulikuwa bize kutafuta picha za ndege.

Shule niliyomalizia ilikuwa na ndege sita na mbwa mmoja mzee. Haikuwa na tangazo lolote. Nilipouliza bei, mwenye shule alinijibu kwa swali: una uwezo wa kuruka mara ngapi kwa wiki? Nikajua huyu ni mwalimu. Mengine ya huko yanachosha, nayaruka. Leseni ya biashara niliipata, nikaigeuza kuwa leseni ya nyumbani kwa mitihani mingine ambayo tangazo halikuitaja kabisa, na leo narusha Caravan, ndege ndogo ya abiria ya injini moja. Wale waliosema nimerogwa wanaomba tiketi.

Sasa wewe mdogo wangu, sikiliza. Usitume hela Ijumaa. Uliza wanafunzi wao wageni mwaka jana walimaliza leseni ya kwanza kwa saa ngapi, wastani, kwa maandishi. Wakikupa kima cha sheria, hawajakujibu, uliza tena. Uliza ndege ngapi zinaruka leo, si ngapi wanazo. Uliza saa. Orodha ya shule zilizoidhinishwa kutoa I-20 iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, na ya zile zilizoidhinishwa na FAA ipo pia, na angalia ni kozi zipi zimeidhinishwa, maana shule inaweza kuwa na idhini ya kozi moja ikaipigia debe kama ni zote. Cheti cha afya cha urubani kitafute kwanza, ukiwa kwenu. Niliwahi kuona kijana akigundua macho yake hayatofautishi rangi baada ya kulipa. Lipa kidogo kidogo. Na uliza saa, nimeshasema, lakini najua hutauliza, kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa na sikuuliza. Tukiwa na ndoto hatupendi mtu anayeitia hesabu. Tunamwita mwenye wivu.

Nimemjibu binti yule. Kisha nikawaandikia shule, kwa adabu, nikiwaomba waiondoe picha yangu kwenye matangazo yao. Majibu yalikuja asubuhi hiyohiyo, haraka kuliko walivyowahi kunijibu nilipokuwa nadai salio. Wamefurahi sana kusikia kutoka kwangu. Wananipongeza kwa mafanikio. Wameuliza kama ningependa kuwa wakala wao, kamisheni dola 1,000 kwa kila mwanafunzi, na kama nina picha mpya nikiwa na ile Caravan.