Kuchagua programu za manukuu ya video: kwa wanaoanza kazi

Nilipoanza kuhariri video hapa Bagamoyo, kazi nyingi nilizoletewa zilikuwa rekodi za ngoma na mahojiano ya wazee wanaoimba na kusimulia kwa Kizaramo au Kikwere, na wenye kazi walitaka maneno hayo yasomeke kwa Kiswahili chini ya picha. Maandishi hayo ndiyo manukuu. Nilihangaika muda mrefu kutafuta programu moja kubwa ya kufanya kila kitu. Leo anayenijia kuniuliza namshauri achukue tatu ndogo: ya kuchezea video, ya kuandikia manukuu, na ya kufungia kazi, yaani kuyaunganisha manukuu na video.

Ya kuchezea ni VLC. Mradi wake ulianzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa mwaka 1996, na tangu 2001 imekuwa programu huria isiyolipiwa. Inafungua karibu kila aina ya faili, na ukilipatia faili la manukuu jina lile lile la video, ukaviweka katika folda moja, maandishi hutokea yenyewe. Yakichelewa au yakitangulia, kitufe cha G na cha H huyasogeza kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza.

Hapo ndipo nilipoumia. Niliwahi kuyanyoosha manukuu kwa vitufe hivyo, nikaridhika, nikamkabidhi mteja flashi. Jioni ile, katika baraza la nyumba moja mtaa wa Dunda, wajukuu wa mzee aliyehojiwa wakiwa wamekaa mkekani, maneno yalichelewa kwa sekunde mbili nzima. Mzee alikuwa ameshaanza kucheka huku chini yake bado pameandikwa habari za msiba. VLC hurekebisha unachokiona wakati huo tu, wala haigusi faili la manukuu. Marekebisho ya kudumu yafanyike katika programu ya manukuu yenyewe.

Kwa kazi hiyo natumia Subtitle Edit kwenye Windows. Aegisub nayo ni nzuri, na inafanya kazi hata kwenye Mac na Linux. Zote hazilipiwi, na zote huonyesha mchoro wa mawimbi ya sauti ili uone mtu anapoanza kusema. Katika mahojiano mchoro huo unasaidia sana, lakini kwenye ngoma mlio wa ngoma hufunika sauti ya mwimbaji, kwa hiyo punguza kasi ya video na uyategemee masikio yako. Faili la SRT, yaani aina ya kawaida ya faili la manukuu, ni maandishi matupu, na kila kipande chake huwa hivi:

12
00:01:12,500 --> 00:01:15,000
Hawakutukaribisha, tukalala
nje chini ya mwembe.

Mstari wa kwanza ni namba ya kipande, wa pili ni muda wa kutokea na wa kutoweka, na kabla ya milisekunde huwekwa mkato, si nukta. Usihesabu maneno unapopima urefu, hesabu herufi: neno moja kama «hawakutukaribisha» limebeba sentensi nzima, na msomaji anahitaji muda wa kulimaliza. Mimi sizidishi herufi 42 kwa mstari, wala mistari miwili kwa wakati mmoja.

Hifadhi faili kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kompyuta kuhifadhi herufi. Ukikosea hapo, kosa hujificha katika Kiswahili kwa sababu karibu herufi zetu zote ni za kawaida, hadi lifike neno kama «ng’ombe», ambapo alama ile ya juu hugeuka vijidudu visivyosomeka. Na maneno yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na picha, usiyasogeze yote kwa pamoja. Manukuu yaliyopimwa kwenye toleo la fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, yakiwekwa kwenye toleo la fremu 23.976, baada ya saa moja yatakuwa yametangulia kwa zaidi ya dakika mbili. Dawa yake ni kubadilisha idadi ya fremu ndani ya Subtitle Edit.

Kufunga kazi kuna njia mbili. MKVToolNix huyaingiza manukuu ndani ya faili la MKV, aina ya faili la video linalobeba picha, sauti na manukuu pamoja, bila kugusa picha, na mtazamaji anaweza kuyazima. HandBrake inaweza kuyabandika kwenye picha yenyewe, ambapo hayaondoki tena, na kwa kuwa huisindika video upya, ubora hupungua kidogo. Hata hivyo baadhi ya televisheni za majumbani hukataa kuonyesha manukuu yasiyobandikwa kwenye picha, kwa hiyo mteja wa flashi nampa nakala iliyobandikwa, baada ya ndugu mmoja anayeijua lugha ya mzee kuyasoma maneno yote mbele yangu. Video asili na faili la SRT nazihifadhi mimi, kwa sababu jina la ukoo likikosewa, ndipo nitakapolisahihishia.