RAM ya 4GB na ya 8GB zaweza kukaa mashine moja?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina saiba ndogo Kisauni yenye kompyuta nne za Dell OptiPlex 7010, zile za kusimama, zilizotumika ng'ambo. Zote zina prosesa ya i5-3470 na kipande kimoja cha RAM ya 4GB. Wateja wakifungua eCitizen, iTax na WhatsApp kwa pamoja, zinajikokota. Nimenunua vipande vitatu vya 8GB kwenye maduka mawili tofauti mjini, nikaongeza juu ya 4GB iliyokuwamo. Mashine ya kwanza imekubali na inaonyesha 12GB, lakini kila baada ya siku mbili tatu inaganda na kutoa skrini ya buluu. Ya pili haiwaki: taa ya rangi ya chungwa, mlio mara mbili, kimya, kisha mara mbili tena, hata kipande kile nikikiweka peke yake. Ya tatu inaandika 12GB, ila inasema zinazotumika ni 3.2 tu. Jirani yangu ambaye pia ni fundi ameniambia kuchanganya RAM ndiko kunakoua mashine, niondoe zote. Ni kweli? Lebo za 8GB, kwa mpangilio huo, zinasema: 2Rx8 PC3L-12800U, 2Rx4 PC3-10600R, na 2Rx8 PC3-10600U. Zile za 4GB zote ni 1Rx8 PC3-12800U.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Umefanya la maana kunakili lebo, maana bila hizo ningekuwa napiga ramli. Kuchanganya 4GB na 8GB hakuui mashine. Wewe una matatizo matatu yasiyohusiana, yametokea tu siku moja.

Tuanze na ile isiyowaka, kwa sababu hiyo pesa yako bado waweza kuirudisha. Itazame ile herufi ya mwisho: 10600R. R maana yake ni RAM ya seva. Katikati yake ina chipu ya ziada inayopokea amri kabla hazijafika kwenye chipu za kumbukumbu, na prosesa ya i5 haijui kuzungumza na RAM ya namna hiyo. Kwa Dell za rika hilo, milio miwili ni njia ya mashine kusema haioni RAM yoyote. Hakuna kilichoungua. Mtego ni kwamba katika DDR3, yaani kizazi cha RAM cha mashine zako, RAM ya seva na ya kompyuta ya mezani zina meno 240 sawasawa na mkato mahali pamoja, kwa hivyo inaingia bila kusumbua. Unayotaka wewe iishie na U. Ukiona E, hiyo ina chipu za kusahihisha makosa, iache. Ukiona S, ni ya laptopu na ni fupi, haitaingia.

Lebo ikiwa imebanduliwa, hesabu chipu nyeusi. RAM ya kawaida ya 8GB ya DDR3 ina 16, nane kila upande. Idadi ikigawanyika kwa tisa, kama 18 au 36, rudisha kwa muuzaji. Na hiyo x4 iliyo kwenye lebo yako, yaani chipu zenye upana wa biti 4, ni dalili nyingine. Prosesa za Intel za mezani zinataka chipu zenye upana wa biti 8 au 16. Kuna 8GB za bei ya kutupa zinazouzwa zikiwa na chipu za x4 bila hata kuwa za seva. Hizo hukubali kwenye mazabodi za AMD peke yake. Muuzaji akikwambia "hii ni ya AMD lakini jaribu tu", usijaribu.

Mashine ya tatu haina ubaya wowote wa RAM. Imewekewa Windows ya biti 32, na Windows hiyo ya mezani haivuki 4GB hata ukiijaza sloti zote nne. Katika hizo 4GB, sehemu ya anwani huchukuliwa na chipu ya picha (graphics) na vifaa vingine, ndiyo maana unabaki na 3.2. Hakikisha kwanza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, usome palipoandikwa aina ya mfumo. Ikiwa ni biti 32, hakuna njia ya kupandisha juu kwa juu; lazima uhifadhi mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje, ufute, kisha usakinishe ya biti 64. Leseni ya toleo lile lile inakubali kote kuwili. Ukikuta tayari ni biti 64, andika msconfig, ingia sehemu ya kuwasha, chaguo za ziada, uone kama kuna mtu aliweka tiki kwenye kikomo cha RAM. Itoe. (Kwa kuwa utasakinisha upya, kumbuka Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo katika orodha ya Windows 11. Kwa mashine ya kufungulia kurasa tu, Linux Mint ya biti 64 yatosha kabisa.)

Sasa ile ya kwanza, inayoganda. Hapa ndipo mchanganyiko wenyewe unapoingia, ila si kwa namna aliyosema jirani yako. PC3L ni RAM ya volti 1.35 inayovumilia pia 1.5, hivyo inakaa vizuri na PC3 ya 1.5. Mwendo nao si hoja: vyote viwili ni 12800, yaani DDR3-1600. Hata ungechanganya na 10600, ambayo ni 1333, mashine ingeshuka tu kwenye mwendo wa kile cha polepole, na mtu wa saiba hatahisi tofauti. Ukubwa tofauti pia una utaratibu wake, kwa kuwa prosesa ina njia mbili za kufikia RAM: 4GB zinafanya kazi kwa jozi na 4GB za kwanza za kile cha 8GB, na zile 4GB zinazobaki zinakwenda kwa njia moja.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu mchanganyiko, laumu uchafu. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevu, na saiba yenye mlango wazi barabarani hula vumbi siku nzima. Dhahabu ya kwenye meno ya RAM ni utando mwembamba mno. Ukishachubuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa, madini ya chini yake huanza kuliwa, na mguso unakuwa wa bahati nasibu.

Zima mashine kabisa, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kumaliza umeme uliobaki. Ilaze, gusa chuma cha boksi, toa RAM zote. Sugua meno kwa raba nyeupe laini ya penseli, kwa kufuata urefu wa jino. Usitumie raba ya wino, ina mchanga ndani yake. Futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Sloti zipulizie hewa na uzipitie kwa brashi laini kavu. Usitie mafuta ya aina yoyote humo. Ukirudisha, kandamiza ncha zote mbili mpaka klipu zijifunge zenyewe. Klipu ya upande mmoja kubaki wazi nusu milimita yatosha kukuletea ile milio. Jaza sloti za DIMM1 na DIMM2 kwanza, na usome namba zilizochapwa ubaoni badala ya kukisia kwa macho. Ukiwasha, Dell itakwambia kiasi cha RAM kimebadilika. Hiyo ni taarifa, si kosa. Endelea.

Halafu pima. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kutoka humo unapofunga duka, uiache usiku. Pima kipande kimoja kimoja, kisha viwili pamoja. Kosa moja tu ni sababu ya kukirudisha kipande. Usikubali kuambiwa "moja si kitu". Kila kimoja kikipita peke yake na viwili vikashindwa pamoja, hapo ndipo mchanganyiko una hatia. Mazabodi za OptiPlex hazikupi nafasi ya kurekebisha volti wala mwendo kwa mkono, kwa hivyo dawa ni kuvitenganisha.

Na kwa kweli huna haja ya kuchanganya hata kidogo. Ukiondoa ile ya seva, una 4GB nne na 8GB mbili, jumla 32GB. Ikiwa zote zimepita kipimo, gawa hivi: mashine mbili zipate 8GB moja moja, na mbili nyingine zipate 4GB mbili mbili zinazolingana, kwenye DIMM1 na DIMM2. Kila mashine inakuwa na 8GB. Hizo za jozi zitapata njia mbili, yaani hadi 25.6GB kwa sekunde badala ya 12.8, nazo zipe kazi ya picha, kwa sababu sehemu ya picha (graphics) ya i5-3470 inakopa kutoka RAM hiyo hiyo. Muuzaji akikubadilishia ile ya seva, omba 2Rx8 PC3-12800U au PC3L-12800U, uiweke na ile ya PC3L. Mashine hiyo itakuwa na 16GB, ya kutengenezea kadi za harusi na mabango.

Ukienda dukani, usitaje jina la 7010 peke yake. Dell ilirudia jina hilo mwaka 2023 kwa mashine za DDR4 na DDR5, ambazo RAM zake zina mkato mahali tofauti na haziingii kwako kabisa. Sema DDR3, ya mezani, 1600, U.

Zikiwa na 8GB na bado zinajikokota, fungua Task Manager utazame safu ya diski. Ikiwa imekwama asilimia 100 huku RAM ikiwa nusu, tatizo ni ile diski (hard disk) ya zamani. SSD (diski ya chipu, yenye kasi) ya SATA ya 240GB itakusaidia zaidi kuliko kuongeza RAM tena.