Acha Programu Yako Iseme Inapokosea

Mwaka wa 2021 nilitengenezea chama cha akina mama wauza samaki wa Dunga, hapa Kisumu, mfumo mdogo wa kuweka michango. Ulikuwa na fomu moja tu: jina la mwanachama, namba ya simu na kiasi. Mweka hazina anajaza kwa simu yake, anabonyeza Hifadhi, na ukurasa unamjibu, "Asante, mchango umepokelewa." Niliuandika kwa PHP 7.4, lugha ya kuandikia programu za wavuti, na data nikaihifadhi kwenye hifadhidata ya MySQL.

Mwezi wa pili akanipigia. Hakuwa ameacha kuandika kwenye daftari lake, na sasa daftari lilikuwa na pesa ambazo mfumo haukuzijua. Kilichonitatiza ni kwamba mwanachama yuleyule, wiki hii mchango wake upo, wiki inayofuata haupo.

Nikalaumu mtandao. Bila kuchunguza zaidi, niliongeza msimbo wa kutuma fomu upya jibu likichelewa, na waliokuwa sawa wakaanza kuhesabiwa mara mbili. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeanza kazi hii: usirekebishe kosa ambalo hujaliona likitokea mbele ya macho yako. Hizi zilikuwa pesa za watu wanaoamka alfajiri kungoja mashua za omena. Siku ile ningeweza kuwafarakanisha kabisa.

Dhana ziliponiishia nilienda Dunga, nikaketi kando yake, nikamwomba aingize michango kama kawaida yake. Akinyi akaingia, Atieno akaingia. Akafika kwa Achieng'. Akaandika herufi polepole kwa kidole kimoja, akafungua kibodi ya alama, akaitafuta ritifaa, ile alama ya ('), akaiweka mwisho wa jina, kisha akabonyeza Hifadhi. "Asante, mchango umepokelewa." Tukafungua orodha. Achieng' hayupo.

"Mama, hiyo alama huwa unaiweka kila mara?"

"Naiweka, mwanangu. Jina la mtu haliandikwi nusu."

Kumbe siku alizokuwa na haraka aliiacha, na mchango ukaingia. Siku ambazo binti yake alimsaidia, simu ya binti iliweka ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, na mchango ukaingia pia. Ni ile iliyonyooka tu iliyokuwa ikiupoteza. Nisingeyajua hayo nikiwa chumbani kwangu hata kwa mwaka mzima, kwa sababu katika majaribio yangu yote nilikuwa naandika majina mepesi yasiyo na alama yoyote.

Msimbo wangu ulikuwa unalichomeka jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata. SQL nayo hutumia alama hiyohiyo iliyonyooka kuonyesha neno linapoanzia na linapoishia, kwa hiyo ritifaa ya Achieng' iliivuruga amri nzima na MySQL ikaikataa kwa kosa namba 1064. Kosa lilitamkwa, ila hakuna aliyelisikiliza. Katika PHP 7.4, mysqli_query, fanksheni inayoipelekea MySQL amri, ikishindwa hurudisha false na kunyamaza, isipokuwa umeiagiza vingine. Mimi sikuwa nimekagua jibu hilo, kwa hiyo programu ikapita moja kwa moja hadi kwenye "Asante". Kuanzia PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, mysqli hutoa hitilafu inayosimamisha kazi bila kuombwa. Kama bado unatunza msimbo wa zamani, iwashe mwenyewe kwa mysqli_report kabla ya kufungua muunganisho.

Tiba ya ritifaa ni kuandaa amri kwanza ukiweka alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha kulipeleka jina pembeni kama data tu. Usizifute ritifaa kwenye majina. Nimewaona wanaofanya hivyo wakidhani wametatua, na naliona ni kosa kubwa kwa nchi yenye akina Achieng', Nyang'au na Ng'ang'a. Isitoshe, mwanya uliompoteza Achieng' ndio huohuo mwizi angeutumia kupenyeza amri zake ndani ya hifadhidata.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyoyashughulikia makosa. Kwenye kompyuta yangu naweka error_reporting kuwa E_ALL na kuwasha display_errors, inayoonyesha makosa kwenye skrini, nione hata onyo dogo. Kwenye seva, display_errors huwa imezimwa na log_errors, inayoyaandika makosa kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu, imewashwa, kwa kuwa ujumbe wa kosa unaweza kumwonyesha mgeni majina ya faili, ya majedwali, na wakati mwingine hata nywila. Alama ya @ mbele ya fanksheni, inayoyanyamazisha makosa yake, siitumii tena. Nikikuta catch tupu, yaani sehemu ya kudaka kosa isiyofanya lolote, kwenye msimbo wa mtu tunayefanya kazi pamoja, hatuendelei mpaka aijaze.

Ujumbe wa mtumiaji nao unataka moyo. "Hitilafu imetokea" haimsaidii mtu aliyeshika pesa. Mfumo wa chama sasa husema: "Samahani, mchango haujahifadhiwa. Usitume pesa tena. Piga simu utaje namba 4817." Namba hiyo inabadilika kila mara, na ndiyo ninayoitafuta kwenye logi, ikiwa na faili, mstari na amri iliyoshindwa. Nywila na namba za vitambulisho haziingii humo kamwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, hizo ni siri za watu waliokuamini.

Jambo moja dogo linalowapotezea muda wengi ni saa. Mama akikuambia kosa lilitokea saa mbili unusu asubuhi, kompyuta inaiita 08:30, na seva inayofuata UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, imeandika 05:30. Ukienda kutafuta 02:30 utaapa kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nimeweka date.timezone kuwa Africa/Nairobi, lakini kagua pia logi za seva ya wavuti na za MySQL, maana kila moja inaweza kuwa na saa yake.

Baada ya kurekebisha, tulikaa tena na mweka hazina, yeye akisoma daftari mstari kwa mstari, mimi nikilinganisha na hifadhidata. Iliyokosekana tukaiingiza, iliyojirudia tukaifuta, na kwa kila badiliko akatia sahihi pembeni kwa kalamu nyekundu. Ilituchukua siku nzima. Siku hizi, mfumo wowote ninaoandika, jina la kwanza kwenye majaribio ni Achieng', mara moja kwa ritifaa iliyonyooka na mara moja kwa iliyopinda.